Ndoo Tatu Zisizo na Barua: Jitendra Solanki Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2008, saa kumi na moja jioni, Bwana Jitendra Solanki atafunga ghala la Karakana ya Fuawe hapa Walthamstow kwa mara ya mwisho, akiwa ametumikia miaka kumi na minane na nusu. Alianza Januari 1990, karakana ikiwa na tanuri moja, fuawe mbili na paa lililovuja juu ya zote tatu. Ukurasa huu wa Kiswahili katika jarida la wafanyakazi ni matunda yake. Ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba nusu ya watu wa hapa wanataniana kwa Kiswahili, basi na wasome kwa Kiswahili. Nimeombwa mimi, Déogratias Mushagalusa, niandike wasifu wake kwa kuwa tumekaa meza moja tangu 1997. Wangejua yote, huenda wangemwomba mtu mwingine.

Mzee Jitendra alizaliwa Nakuru mwaka 1943, mtoto wa fundi wa reli. Alifika London mwaka 1968, akafanya kazi katika kiwanda cha makufuli mpaka kikafungwa, na tangu hapo hajahama Harrow. Karakana ilimwajiri kwa kazi moja ngeni: kutafuta misumari ya reli iliyokwisha kung'olewa. Sisi tunafundisha uhunzi, na msumari wa reli unamfaa sana anayeanza. Ni mnene, una kichwa tayari, na ukipata moto unatii. Hutoka kulabu, vifungulia chupa na vishikio vya milango.

Visu havitoki, na yeye hakumdanganya mtu juu ya hilo. Aliwaambia wanafunzi wote kwamba chuma hicho ni laini mno, hakishiki makali. Mwanafunzi mmoja, Ulrich, alibisha wiki tatu nzima, akatengeneza kisu cha kupendeza kweli, kikashindwa na nyanya. Mzee Jitendra aliichukua ile nyanya iliyopondeka, akaitia chumvi, akaila.

Kupata misumari kihalali si jambo dogo. Reli nyingi za nchi hii hushikwa kwa skrubu, kwa hiyo misumari hasa hutoka katika njia za zamani za viwanda na machimbo. Asiyejua huuona msumari umelala kwenye kokoto, umepata kutu, akadhani hauna mwenyewe. Unaye. Kilichomo katika eneo la reli ni mali ya mwenye njia, na kuingia humo bila ruhusa ni kosa, mbali na kwamba unaweza kufa. Mzee Jitendra aliandika barua. Aliwaandikia makandarasi wanaong'oa njia zilizofungwa, vyama vya wapenzi wa treni za moshi, na wauza vyuma chakavu wenye leseni. Kila ndoo iliyoingia ghalani ilipaswa kuja na barua ya mwenye mali, kisha ikafungwa lebo yenye jina la njia na tarehe.

"Kitu imetupwa si kitu imepeanwa," alituambia, kwa Kiswahili chake cha Nakuru, mpaka tukaota maneno hayo. Shaame, mhunzi wetu mkuu kutoka Unguja, alikuwa akisema, "Huyu hata mvua ikinyesha ataidai barua." Siku moja Mzee Jitendra alipanda treni ya Victoria na ndoo katikati ya miguu, polisi akamkazia macho. Mzee akaitoa barua kabla hajaulizwa, akaanza kuisoma kwa sauti. Polisi alitaka tu kumwambia kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka.

Alichokipenda kuliko vyote ni kwenda njiani mwenyewe. Alikuwa na kitambulisho cha kuingia kwenye reli, koti la rangi ya chungwa, na chakula alichofungiwa na mkewe, Geeta, cha kutosha watu wanne. Alitembea na makandarasi hatua kwa hatua, akigonga misumari na kusikiliza, kama baba yake alivyofanya. Siku hizo alirudi ghalani na matope mpaka magotini, akatusimulia hadi tukakimbia. Sijamwona mtu mwingine akiifurahia kazi yake namna ile.

Hapa wasifu wa kawaida ungetaja mafanikio, nayo yapo: wanafunzi zaidi ya mia nne, na vyama vya reli ambavyo mpaka leo hupiga simu vikimwulizia yeye tu. Lakini kila aliyekaa hapa muda mrefu anajua pia lile doa la 1999. Wageni huambiwa kwamba Mzee Jitendra, pamoja na ukali wake wote, alipokea misumari ya wizi. Husemwa kwa kicheko, kwamba mpishi naye huunguza. Habari hiyo si kweli, na mimi ndiye niliyeiacha iishi.

Jumatano ya tarehe 17 Novemba 1999 alikuwa Leicester kwenye harusi ya mpwa wake, na ghala alikuwa ameniachia mimi. Wanaume wawili walileta ndoo tatu kwa gari, misumari mizuri, haina kutu hata kidogo. Niliuliza barua, wakasema itakuja Jumatatu. Tulikuwa na kulabu mia mbili za shule moja ya Lewisham, tumechelewa nazo, na nilitamani mzee arudi akute tatizo limekwisha. Nikapokea. Kisha nikafanya lililo baya zaidi: nikaandika lebo, nikanakili jina la njia kutoka kwenye ndoo ya zamani. Ningeacha ndoo bila lebo ingekuwa uzembe tu. Lebo ile ilikuwa uongo.

Misumari haikuwa na kutu kwa sababu njia ilikuwa bado inatumika. Iling'olewa kwenye njia ya pembeni ya kiwanda kimoja, na behewa tupu likatoka nje ya reli. Hakuna aliyeumia. Nimeshukuru kwa hilo kila siku, wala sikustahili bahati hiyo.

Wakaguzi wa reli walikuja Jumatatu, wakiifuata misumari ile. Mzee Jitendra alikuwa amerudi, amesimama mbele ya ndoo zile na lebo mkononi. Mimi nilisoma Bukavu kwa Wafransiska, na saba yangu huipiga mstari katikati. Kwenye ghala lile hakuna mwingine anayeandika hivyo. Niliona jicho lake likitua juu ya ile 17, likakaa, kisha likaondoka. Wakamwuliza nani msimamizi wa mapokezi. Akawajibu, "Ghala ni yangu. Jibu pia ni yangu." Hawakuuliza zaidi. Wakati huo nilikuwa nasubiri jibu la ombi langu la hifadhi, mwaka wa tatu, na alijua. Mashtaka ya kupokea mali ya wizi yangenirudisha nilikotoka, na nilikotoka kulikuwa vitani.

Hakushtakiwa, lakini alinyang'anywa kitambulisho cha reli. Januari iliyofuata alikuwa ateuliwe mkuu wa karakana, na Geeta alikwisha kumnunulia tai. Wakamleta mtu kutoka nje. Safari za njiani akapewa mtu wa pili yake ghalani, yaani mimi. Miaka minane nimevaa koti lile la chungwa, nikirudi na matope, naye yuko mezani akisoma barua na kunihoji: kokoto zake zikoje, mbao za njia zimeoza, misumari inalia vipi ukiigonga. Nilimjibu kwa kirefu. Niliona ndilo deni pekee ninaloweza kulipa, nikajidanganya kwamba linapungua.

Mwaka 2002 nilipata karatasi zangu. Alikuja na boksi la barfi, ile halua ya maziwa, akawagawia wote, mimi akanipa vipande viwili. Tangu siku hiyo sikuwa na kisingizio cha kunyamaza. Hofu ilikwisha, ikabaki aibu, na aibu niliilea vizuri. Mara moja tu, tukihesabu ndoo, nilianza kusema, "Mzee, ile siku ya harusi ya Leicester." Akanikatiza, "Deo, harusi ilikuwa mzuri sana. Hesabu ndoo." Nilijua anaifunika aibu yangu, nami nikaiacha ifunikwe. Najuta. Najuta kuliko ninavyoweza kuandika katika jarida la wafanyakazi.

Dinah wa ofisini, aliyezaliwa hapa hapa na anayeelewa kila neno ingawa hujibu kwa Kiingereza, ataufasiri ukurasa huu kwa wakubwa. Nimemwomba asiruke mstari. Yatakayonipata Jumatatu ni yangu, ghala ni langu sasa.

Mzee Jitendra, kwa niaba ya Shaame, Dinah, Ulrich na wote uliowafundisha kugonga na kuuliza, asante. Asante pia kutoka kwangu, ingawa neno lenyewe ni dogo. Tunakuombea wewe na Mama Geeta afya, usingizi wa asubuhi usiovunjwa na treni ya Harrow, na miaka mingi ya kupumzika. Chama kimoja cha wapenzi wa treni za moshi kimeniandikia kwamba kinang'oa njia yake ya zamani mwezi Agosti, na kinakualika ukatembee nao. Barua yao, yenye mhuri, iko kwenye droo yako.

Ndoo zile tatu hazijawahi kupata lebo ya kweli. Basi naiandika hapa, imechelewa miaka minane na nusu.

17 Novemba 1999. Ndoo tatu. Barua: hakuna. Njia: mpokeaji hakuuliza. Mpokeaji: Déogratias Mushagalusa. Jitendra Solanki hakuwapo.