Mwalimu Wembe na Sura ya Kumi na Moja

Ndugu wafiwa, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani na nyote mlioacha kazi zenu asubuhi hii, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, jukumu la kusoma historia ya maisha yake, na naomba radhi mapema, kwa sababu karatasi niliyoshika si ile iliyoletwa juzi kutoka shuleni, na sauti yangu huenda ikapanda.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, karani wa reli, na mama yetu, mshonaji wa sare. Alianza shule ya msingi Januari 1970, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa anasoma kila kilichoandikwa humo nyumbani, magunia, mikebe, barua za watu, mpaka mama akasema, "Huyu msipomwangalia atanisomea hata kopo la sumu ya panya, halafu aulize mwisho wake ulikuwaje."

Alimaliza sekondari mwaka 1982, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1983, akahitimu Novemba 1985, na tarehe 13 Januari 1986 akaanza kufundisha fasihi, kazi aliyoifanya bila kuchoka, ingawa sisi nyumbani alituchosha sana, maana ukienda kumsalimu hukupewa chai kabla hujaambiwa kisa cha watu waliokufa ng'ambo miaka mia mbili iliyopita, na yeye akiwalilia kana kwamba ni wapangaji wenzake.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi viatu, ambaye dada alimpelekea mkoba uliokatika mshipi, akarudi kuufuata mara nne ingawa ulikuwa tayari tangu mara ya kwanza. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1991, ambaye leo ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1994, fundi umeme, na wote wawili wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1998 alihamishiwa shule ambako wengi wenu mlisoma, na hapa ndipo karatasi iliyoletwa juzi inaruka, nami siruki. Julai mwaka 2014 alikuwa na wanafunzi hamsini na wawili wa kidato cha tano, na shule ilikuwa na nakala moja tu ya ile riwaya nene ya kigeni aliyotaka waisome, kisa cha hakimu aliyemfunga mtu asiye na kosa, kisha akaishi miaka thelathini akitenganishwa na mke wa mfungwa yule kwa ukuta mmoja. Nakala hiyo ilifungiwa ndani ya kabati la vioo ofisini ili wageni waione. Dada alikwenda kwa Mkuu wa Shule, akamweleza kwamba kitabu kina sura ishirini na sita, darasa lina madawati ishirini na sita, na anaomba kukikata, kila dawati lipate sura yake, na Mkuu akamjibu, "Fanya unavyoona inafaa, Mwalimu, mradi wasome."

Akakikata kwa wembe, shemeji akashona kila sura kwa uzi wa viatu, na ndivyo alivyopata jina la Mwalimu Wembe. Kila Ijumaa watoto wa dawati moja walisimama wakawasimulia wenzao sura yao, kwa zamu, ikiwa mwiko kuifungua kabla ya wiki yao, na hakuna aliyethubutu kubabaisha, kwa sababu wa dawati linalofuata wangemwumbua, kisa kisingeungana, na darasa zima lingetaka kujua nani amemuua mtu ambaye wiki ijayo anatakiwa aoe.

Walifika sura ya kumi. Jumatatu ya tarehe 22 Septemba 2014 alikuja mkaguzi, akaona kabati tupu, akaingia darasani, akaokota sura ya kumi na moja juu ya dawati kabla wenyewe hawajaisoma, akauliza nani ameruhusu uharibifu huu. Mkuu wa Shule alikuwa amesimama mlangoni, na alisema hajui. Neno moja tu, sijui, na kwa neno hilo dada yangu aliandikiwa barua ya kosa la kuharibu mali ya shule, akaondolewa darasani, akapelekwa stoo kugawa vifagio na kuhesabu mipira iliyopasuka, miaka minane kasoro mwezi mmoja, hadi alipostaafu tarehe 14 Agosti 2022. Karatasi ya juzi inataka niseme kwamba alihamia kitengo cha vifaa kwa hiari yake. Sisemi, na aliyeiandika ajue kwamba ningeichana mbele yenu kama marehemu asingenifundisha kuheshimu karatasi.

Wanafunzi wale hawakurudisha sura zao. Waliendelea, kila Ijumaa wakati wa mapumziko, dawati moja baada ya jingine, wakienda kuazima kifagio, wakamsimulia dada kisa chao kupitia dirisha la stoo, na ninaambiwa shule haijawahi kuwa safi namna ile. Sura zote zilisimuliwa, isipokuwa ya kumi na moja, ambayo dada alikataa kuisimulia yeye, akisema ina wenyewe.

Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, na Juni ikabainika kuwa ni saratani ya kongosho. Daktari alitueleza wazi kwamba stoo haihusiki, nami sitamsingizia mtu ugonjwa. Nasema tu kwamba aliandika barua saba kuomba kosa lile lifutwe, ya saba akiwa kitandani, binti yake akimshikia ubao wa kuandikia, na hakujibiwa hata moja. Alifariki Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na moja, na kosa lile likiwa bado kwenye faili lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja, na wafanyakazi wenzake, hasa katibu muhtasi wa shule, ambaye jana alisimama mbele ya ukoo na kusema kwamba siku ile ya ruhusa mlango wa ofisi ulikuwa wazi na alisikia kila neno. Amechelewa miaka kumi, tumemwambia hivyo, na bado tunamshukuru.

Juu ya meza hiyo, kando ya jeneza, ziko sura ishirini na tano, zilizoletwa na wanafunzi wake tangu juzi, nyingine kwa mabasi ya safari za siku mbili, zikiwa bado na uzi wa shemeji. Kati ya ya kumi na ya kumi na mbili pana nafasi. Katika ya kumi hakimu bado anaamini alihukumu sawa, na katika ya kumi na mbili yuko mlangoni kwa mke wa yule mfungwa, amepiga magoti. Kilichompeleka pale hakuna kati yetu anayekijua.

Mkuu wa Shule, uliyekaa safu ya pili na shada lako la maua, sura hiyo iko ofisini kwako, imebanwa kwenye faili la dada yangu kama ushahidi. Shule iko umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu. Shada liache hapo chini, ukatuletee faili. Mwili hautatoka hapa kabla hujarudi, na wanafunzi wake wawili wa dawati la kumi na moja wamekaa hapa mbele, wanasubiri zamu yao.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi bado hatujapumzika.