Hilari Mgalula na Bahari ya Mita Kumi na Nne

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Misunkumilo, ndugu mliotoka Mamba na Kapalamsenga tangu juzi, na nyie mliofanya kazi na marehemu katika idara ya uvuvi, mimi ni Danford, kaka wa mjane Skolastika, na wengi wenu mmeshangaa kuona kwamba karatasi hii ya historia ya marehemu nimepewa mimi, kwa sababu mnajua yeye na mimi tulikuwa na ubishi mmoja kwa miaka kumi na nane. Naomba mnivumilie, maana hata sababu ya mimi kusimama hapa imo humu ndani.

Marehemu Hilari Ponsian Mgalula alizaliwa hapa Misunkumilo tarehe 13 Januari 1948, siku ya Mtakatifu Hilari, hivyo wazazi hawakusumbuka kutafuta jina, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Ponsian Mgalula na mama Dorotea, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa Mpanda kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akaenda sekondari Tabora, akamaliza kidato cha sita mwaka 1970, na baada ya Jeshi la Kujenga Taifa na kazi ya ukarani ya muda mfupi, mwezi Septemba 1973 alipata nafasi ya kusoma Urusi, katika mji wa Rostov, ambako mwaka wa kwanza alijifunza lugha na baridi, na miaka mitano iliyofuata alisomea sayansi ya bahari, yaani chumvi yake, mikondo yake, upepo wake, tope lake na viumbe wanaoishi humo, na bahari aliyoisomea inaitwa Azov.

Aliporudi mwezi Agosti 1979 aliulizwa angependa kupangiwa kazi wapi, wenzake wakachagua Tanga na Mtwara, yeye akaomba Mpanda kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa na hakuna aliyebaki nyumbani wa kumtazama, na hivyo wilaya yetu ikapata mtaalamu wa bahari, wakati bahari yenyewe iko mwendo wa siku mbili kwa treni, treni ikiwa na afya. Alifanya kazi ya uvuvi kwa miaka kumi na tisa, akishuka Kapalamsenga, kwenye Ziwa Tanganyika, kila mwezi kupima nyavu na kuhesabu mitumbwi, na wavuvi walimpenda, ingawa walimwita Bwana Samaki wa Maji Mafupi, jina ambalo nakiri lilitoka kwangu.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na dada yangu Skolastika katika kanisa hili hili, na ubishi ulianzia kwenye sherehe, pale wazee walipomwomba bwana harusi aeleze alichosomea huko mbali, naye akasimama na suti yake ya Kirusi, nzito kama godoro, akasema kwamba Azov ni bahari ambayo mahali penye kina kirefu kuliko pote ni mita kumi na nne tu, kwamba wakati wa baridi inaganda watu wakatembea juu yake, na kwamba upepo ukivuma sana unayasukuma maji yakaondoka, mashua zikabaki zimekaa kwenye tope. Mbele ya watu waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo kamba za ukoo mzima zikiungwa hazifiki chini, maneno hayo yalikuwa mazito, nami nilikuwa na miaka ishirini na nne na glasi mkononi, nikasimama nikasema, "Shemeji, hapo umetueleza lambo la kunyweshea ng'ombe." Ukumbi ulicheka mpaka keki ikatikisika, naye alicheka pia, lakini aliponipa mkono wa kuagana aliniambia, "Shemeji, ni bahari."

Mungu aliwajalia watoto watatu, Yustina aliyezaliwa mwaka 1982, Ponsian mwaka 1985, na kitinda mimba mwaka 1990, ambaye baba yake alitaka abatizwe Azovina, padri wa wakati huo akauliza huyo ni mtakatifu gani, akaambiwa ni bahari, akauliza kina chake, akajibiwa, na mtoto akabatizwa Josephina.

Mwezi Oktoba 1996 marehemu aliamua kumaliza ubishi kwa vitendo, akanichukua mimi na wenzake wawili wa ofisini mpaka Mamba, tukateremka hadi Ziwa Rukwa, ambalo nalo lina kina kifupi, akachomeka vijiti ukingoni mwa maji, akatuambia tusubiri upepo, nao upepo kwa siku tatu ulikataa hata kutikisa jani, na siku ya nne asubuhi sisi tukapanda lori la samaki tukarudi Mpanda tukimcheka njia nzima. Mchana wa siku hiyo hiyo upepo ulivuma kutoka nchi kavu, maji yakarudi nyuma hatua mia mbili na zaidi, na mzee Makoye, mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na ambaye amekaa hapa mbele, alifika kunywesha akakuta tope na samaki wanarukaruka, akamwuliza marehemu kwa hasira, "Bwana Samaki, maji umeyapeleka wapi?" Mzee Makoye alisafiri pamoja na marehemu mpaka nyumbani kwangu kutoa ushahidi, nami nikamwuliza kama siku ile alikula wale samaki, akasema alikula, tena wengi, nikamwambia shahidi aliyelishwa na upande mmoja hakubaliki. Naona anacheka sasa, lakini siku ile hakucheka, na marehemu pia hakucheka, alivaa kofia yake akaenda nyumbani, na hilo limenikaa moyoni tangu Jumanne.

Figo zilianza kumsumbua mwezi Februari 1998, akastaafu mwaka huo huo, akatibiwa hapa na Tabora, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika tena mwezi Julai mwaka huu, na nilipokwenda kumwona wodini aliniambia historia yake niisome mimi. Nikamwambia, "Shemeji, acha hayo, si yupo Ponsian?" akasema, "Ponsian hajawahi kunibishia, na historia ya marehemu ikishasomwa, haibishiwi." Nilimwambia atapona tuendelee. Alifariki Jumanne tarehe 17 Agosti 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliochota maji na kupika kwa siku mbili hizi, wafanyakazi wenzake walioleta gari, wavuvi wa Kapalamsenga walioleta samaki, na mzee Makoye aliyetoa ng'ombe, ambaye leo tumemla wote, mimi nikiwa wa kwanza, kwa hiyo kama kulishwa kunaharibu ushahidi, hapa hakuna shahidi aliyebaki.

Limebaki jambo moja, ambalo marehemu aliliandika kwa mkono wake, na jana kwenye kikao cha ukoo wazee, kwa kunionea huruma, walipendekeza nisome "eneo la maji" mahali palipoandikwa "bahari" ili kila upande uridhike, lakini nitalisoma lilivyo. Ameandika hivi: "Azov ni bahari. Kina chake ni mita kumi na nne. Bahari haiwi bahari kwa kina, inakuwa bahari kwa kuungana na bahari nyingine, na Azov imeungana, ingawa mlango wake ni mwembamba. Danford, usikohoe, soma mpaka mwisho."

Ndugu zangu, neno hili la mlango hakulificha, alikuwa akilisema kila mara, ila kila alipofika hapo mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Kwa miaka kumi na nane sikukosa Jumapili hata moja kwenda kwake kubishana, na Jumapili hii sijui nitakwenda kwa nani.

Shemeji Hilari, nimesoma mpaka mwisho, watu wote wamesikia, na hakuna aliyebisha. Ni bahari. Sasa pumzika kwa amani.