Baga Iliyomrudisha Elisifa Mezani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na leo naomba asifiwe kutoka jikoni, kwa sababu huko ndiko alikotukuta.

Mimi ni fundi ujenzi. Naishi juu kidogo ya mji mdogo wa Maji ya Chai, upande wa mlimani, pamoja na mke wangu, binti yetu Elisifa, na mama yangu mzazi. Jumapili ile niliposimama kanisani kushuhudia nilipewa muda mfupi, nikasema machache, nikakaa. Baada ya ibada akina mama walinizunguka nje. Hawakutaka kuombewa, walitaka vipimo vya mkate. Ndiyo maana nimeombwa niandike, na nitaandika taratibu, ili mwenye mgonjwa kama wangu asipotee njiani.

Elisifa alianza kuumwa akiwa mdogo. Tumbo lilivimba, miguu ikawa myembamba. Aliharisha, akapata nafuu, akarudia. Tulimtibu minyoo. Tulimtibu amiba. Tulimtibu taifodi mpaka nikachoka kulisikia neno lenyewe. Majirani wengine walisema ametazamwa na jicho baya, wengine wakasema nyumba yetu ina jambo ambalo halijatubiwa. Tulifunga na kuomba, mimi na mama yake.

Tulipofika hospitali moja mjini, daktari aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza. "Mtoto anakula nini asubuhi?"

Mke wangu akajibu kwa fahari kidogo, "Chai ya maziwa, dokta, na chapati. Au maandazi. Hatumnyimi."

Elisifa alipimwa damu, halafu akapimwa utumbo pia. Daktari akatueleza polepole, nami nawaeleza ninyi vilevile. Ndani ya ngano kuna kitu kinachofanya unga uvutike, ndicho kinachofanya chapati isikatike unapoisukuma. Kwa watu wengi hakina shida yoyote. Kwa Elisifa, mwili unakiona kama adui, unapigana nacho, na katika kupigana unauharibu utumbo wake wenyewe. Utumbo ukishaharibika, hata maziwa yanakuwa mzigo. Akasema aache ngano kabisa, na shayiri, na maziwa pia mpaka atakapotuambia vingine. Alisema kuacha, hakusema kupunguza.

Tuliacha. Baada ya miezi michache mtoto alinenepa, akaanza kukimbia na wenzake barabarani. Mngeweza kudhani ushuhuda unaishia hapo. Nami nilidhani hivyo.

Lakini kwetu mtoto anakuzwa kwa maziwa. Ukimnyima mtoto loshoro, kile chakula chetu cha ndizi na mahindi kilichochanganywa na maziwa ya mgando, watu wanadhani umemkosea jambo. Mama yangu aliposikia habari za daktari alicheka.

"Atakua kwa nini huyu, kwa maji ya bomba?"

"Mama, ndivyo dokta alivyosema."

"Huyo dokta yeye alinyonya nini?"

Na si nyumbani tu. Kwenye harusi, kwenye ubarikio wa kipaimara, kwenye msiba, kila mahali kulikuwa na hotpoti ya Elisifa. Viazi vitamu, au wali mkavu. Watu walimpenda, na kwa kumpenda walimwambia maneno yaleyale: "Elisifa, ya kwako ni ile kule." Naye alikwenda kule, akala peke yake.

Sasa nifike kwenye Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ya mwezi wa tisa mwaka juzi. Mnajua siku ile watoto wa shule ya Jumapili ndio wenye ibada. Elisifa alisoma mistari yake bila kukosea. Baada ya ibada watoto wakagawiwa baga na soda, naye akapewa hotpoti yake. Jioni alianza kutapika. Aliumwa siku nyingi. Alipopata nguvu ya kukaa akatuambia kwamba rafiki yake alimgawia nusu ya baga, wakaenda kuila nyuma ya chumba cha kwaya.

Mama yake akamwuliza, "Kwani hukujua itakuumiza?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Nilitaka tu kula wanachokula wao."

Jumapili iliyofuata hakutaka kwenda kanisani. Na iliyofuata. Alisema atabaki na bibi yake kulisha ng'ombe. Alipoitwa kwenye sherehe ya shule alisema kichwa kinamwuma. Ndugu zangu, mwili ulikuwa umepona, lakini mtoto alikuwa anaondoka kwa watu, kidogo kidogo, na mimi baba yake nilikuwa namtazama. Hilo ndilo nililoanza kumwomba Mungu: sikuomba muujiza wa tumbo, niliomba binti yangu arudi mezani.

Masika ilipofika ujenzi ulisimama. Mke wangu anafanya kazi shamba la maua, anaondoka mapema, hivyo mimi nilibaki nyumbani na mvua. Nikajiambia, kama shida ni mkate wa baga, basi nitatengeneza mkate wa baga. Nilinunua mchele, nikapeleka mashineni ukasagwa. Nikaongeza unga wa muhogo, hamira, sukari, chumvi. Nikakanda kama nilivyomwona mama akikanda unga wa chapati. Unga ulikuwa laini mno, hausimami. Nikaongeza unga mkavu. Nikakanda tena, nikaongeza tena, mpaka ukasimama. Nikatengeneza viduara vizuri, nikaoka.

Vilitoka vigumu kama kokoto. Mama yangu alichukua kimoja, akakigonga kwenye ukingo wa meza, akasikiliza.

"Nilikuzaa ufyatue matofali," akasema, "sasa unafyatua mikate. Bora hata matofali, mtu anajengea."

Nilijaribu tena na tena. Siku moja ulitoka mkate unaotafunika, nikampa Elisifa kipande. Usiku ule tumbo lilimsokota, na kesho yake akarudi kuharisha. Sikuelewa, kwa kuwa sikuwa nimetia ngano hata punje. Nikaenda kwa mwenye mashine. Akaniambia bila kuficha, "Fundi, asubuhi ile nilisaga ngano ya watu, halafu ndiyo ukaja mchele wako. Kwani kuna ubaya?"

Hakujua, na mimi sikujua. Vumbi la ngano lililobaki kwenye mashine lilitosha.

Nilimwambia mke wangu kwamba naacha, maana mkono wangu mwenyewe ndio uliomlisha mtoto ugonjwa. Alikuwa anavua buti zake za shambani. Hakuniangalia hata usoni.

"Mkono huohuo utamlisha tena, Baba Elisifa. Kinu kipo. Kinu cha mama hakijawahi kuona ngano."

Mama yangu alikuwa amekaa na mtoto wakati wote ule wa kuumwa. Hakusema neno juu ya maziwa. Lakini mvua ilipotulia nilimkuta uani anamenya ndizi mbichi, anazikata vipande vyembamba, anazianika kwenye mkeka. Nikamwuliza ni za nini. "Za kutwanga," akasema. "Bibi yangu alikuwa na unga wa ndizi kabla hamjajua duka. Usiniulize maswali, leta mchi."

Hivyo unga tulikuwa nao, wa ndizi, wa mchele na wa muhogo, safi, uliotwangwa kinuni nyumbani. Mkate bado ulikuwa haujapatikana.

Kiangazi kikaja, nikarudi kazini. Tulikuwa tunamwaga nguzo za nyumba moja karibu na Tengeru, mimi na fundi mwenzangu Zakaria. Zakaria alikuwa ananitania kila siku kwamba nanukia hamira. Siku hiyo ubao mmoja wa fremu ulikuwa umelegea, zege likaanza kuvuja chini.

"Kaza huo ubao, mpishi," akasema. "Bila fremu hili ni uji tu."

Nikasimama na nyundo mkononi. "Umesemaje?"

"Nimesema bila fremu ni uji. Kwani nimekosea?"

Hakukosea. Nimefanya kazi hii tangu ujana, na hakuna siku niliyoongeza saruji kavu ili zege lisimame lenyewe hewani. Zege linamwagwa likiwa laini, linashikwa na fremu, linasubiriwa. Unga wangu ulikuwa hauna kile cha kuvutika kilicho kwenye ngano, nami kila siku niliulazimisha usimame kama ngano. Ndugu zangu, nilikuwa nimeomba masika yote Mungu anionyeshe njia, na njia ilikuwa kwenye kazi ya mikono yangu. Nilimshukuru palepale. Zakaria akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Sasa akina mama, vipimo vyenu hivi hapa. Unga wa mchele vikombe viwili, unga wa muhogo kikombe kimoja, unga wa ndizi mbichi nusu kikombe. Ndizi usizidishe, mkate utakuwa mweusi. Chukua mbegu za chia vijiko vitatu vikubwa, zitwange, loweka kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu mpaka ziteleze kama mlenda. Huo mlenda ndio utakaoshika unga badala ya ngano. Hamira kijiko kimoja kikubwa, sukari vijiko viwili vikubwa, chumvi kijiko kidogo, mayai mawili, mafuta ya alizeti vijiko vinne vikubwa, siki kijiko kidogo. Maziwa hayahitajiki, wala siagi. Koroga kwa mwiko, usikande. Ukiinua mwiko, unga uanguke kwa uzito na polepole, kama plasta iliyochanganywa vizuri. Ukiwa mgumu, ongeza maji. Najua mkono utakuambia uongeze unga. Usiusikilize.

Fremu zangu ni pete za makopo makubwa ya nyanya. Fundi bati mmoja wa mtaa wa Daraja Mbili alizikata na kukunja kingo zisikate mtu. Zipake mafuta, zipange kwenye sinia, jaza nusu, lainisha juu kwa kijiko kilicholowa maji. Funika, subiri unga uumuke mpaka karibu na ukingo, mara moja tu, usiukoroge tena. Oka kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, mpaka juu pawe na rangi ya kahawia na mkate ukiugonga utoe sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Halafu acha upoe. Hapa wengi watashindwa, hata mimi nilishindwa. Ukiukata ungali wa moto, ndani utanata, kama fundi anayefungua mbao kabla zege halijashika.

Mkate wa kwanza uliofaulu mama yangu aliubonyeza kwa kidole. Ukashuka, ukarudi juu. Akaubonyeza tena. "Huu haujengei," akasema, akaula wote. Elisifa naye alikula, tukakaa siku tatu tukimwangalia kama yai. Hakuumwa.

Mwezi wa tisa ulikuwa unakaribia. Nilimwendea Mwalimu Upendo, anayefundisha shule ya Jumapili, nikamwambia ninao mkate wa Elisifa kwa ajili ya sikukuu. Akafurahi. "Basi tutauweka pembeni, tuandike jina lake."

Nilitaka kusema asante. Nikasema, "Hapana, mwalimu. Pembeni ndiko anakokukimbia."

Akapiga hesabu. "Fundi, watoto ni karibu sitini."

"Nipe akina mama."

Wakaja. Jumamosi ile uani kwangu kulikuwa na majiko kila upande. Mke wangu alisimama mlangoni kama askari. "Aliyepika maandazi asubuhi anawe mpaka viwikoni. Na kanga uliyofunga jikoni kwako, ivue, nitakupa yangu." Walicheka, wakanawa. Tulioka tangu asubuhi hadi jioni. Nyama ya kusaga tulikanda na kitunguu na chumvi, bila chenga za mkate.

Jumapili Elisifa alikuja, kwa sababu bibi yake alimwambia hamwachi na ng'ombe siku hiyo. Alikaa benchi la mwisho. Baada ya ibada watoto walipanga foleni, naye akasimama kando ya ukuta, anatafuta hotpoti yake kwa macho. Haikuwepo. Nikamwona anasogea mezani taratibu, mpaka mbele ya Mwalimu Upendo, penye masinia yote yale.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ndogo, "ya kwangu ni ipi?"

"Chukua yoyote."

Hakuelewa. Akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akazitazama zote, ndugu zangu, akachagua kwa muda mrefu kama mtu anayechagua viatu, mpaka mvulana wa nyuma yake akasema, "Dada, hebu chukua, tuna njaa." Akachukua, akaenda kukaa katikati ya wenzake. Mmoja akasema baga ina ladha ya ndizi. Elisifa akamjibu, mdomo umejaa, "Ndizi za bibi yangu hizo."

Ninamshukuru Mungu. Binti yangu hakuponywa ugonjwa wa ngano. Akiila leo ataumwa leo, na hospitali tunaendelea kwenda. Kama mtoto wako ana dalili kama hizi, mpeleke apimwe kwanza, usimwachishe ngano kwa sababu ya maneno yangu, maana daktari alisema kipimo kinamtaka mtu angali anaila. Lakini Elisifa amefunguliwa. Anakwenda shule ya Jumapili, anagombana na wenzake, anarudi na soksi chafu.

Mwenye mgonjwa aje nyumbani Jumamosi yoyote, aje na makopo yake, tutaoka pamoja. Na wewe ambaye umesimama kando ya ukuta kwa muda mrefu, ukidhani yaliyo mezani kwa Mungu yameandikwa majina ya wengine, nakusihi usogee. Uliza kama alivyouliza mwanangu. Jibu nimelisikia kwa masikio yangu.