Usipoonekana, Nani Atakutafuta?

Dada yetu marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Miaka minne baadaye nilizaliwa mimi ninayewasomea wasifu huu. Tulilala kitanda kimoja, na jinsi nilivyomganda alinibandika jina la Kupe. Jina hilo halikutoka nje ya chumba chetu.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1977, na mwaka 1981 akapata shahada ya takwimu. Mimi nilirithi sare zake na walimu wake, ambao kila nilipokosea walisema, "Mbona dada yako alikuwa na akili?" Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Sijakonda, kama mnavyoniona, lakini si kwa kukosa wivu.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa kuwa mtathmini wa miradi ya umma, ile ya kupunguza fujo mitaani na kuwarudisha kundini watu waliotengwa. Kazi yake ilikuwa kusema mradi umefaa au haukufaa, naye hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mradi mmoja wa kituo cha mabasi ulisifiwa sana kwa sababu malalamiko ya majirani yalikwisha. Marehemu akavuka barabara, akawakuta walevi na wapiga kelele wale wale nyuma ya soko, akavuta kreti akaketi nao. Akawauliza swali aliloliuliza kila mahali: "Usipoonekana kesho, nani atakutafuta?"

Mmoja, aliyeitwa Spika kwa sauti yake, akajibu, "Labda polisi, dada."

Marehemu aliandika kwamba mradi umewahamisha watu, haujawarudisha. Mkuu wake akafoka, "Tumekutuma kituoni, huko sokoni umefuata nini?" Mradi ukaanzwa upya, lakini yeye hakuacha kwenda kuwaona, hata Jumapili ambazo zilikuwa zangu. Asipomwona Spika, alimtafuta. Mimi nilikaa na chai ikapoa.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi lifti. Walikutana lifti ya ofisini ilipokwama naye ndani. Shemeji alikuja kuwatoa watu, akaondoka na dada yangu. Nimemsamehe, si siku zote.

Juni 2023 aligundulika kuwa na kansa ya ini. Shemeji alilala naye usiku, mchana nilikuwa mimi. Siku moja nikakuta korido ya wodi imejaa watu wa nyuma ya soko. Nesi akawauliza, "Nyie ni nani wake?" Wakajibu kwa pamoja, "Dada yetu huyu." Dada yao tangu lini? Nilitaka kupasuka. Kisha Spika akanisogelea, kofia mkononi, akasema, "Wewe ndiye Kupe? Pole, dada Kupe."

Niliingia nikiwa nawaka. "Mchana wako umewapa, Jumapili umewapa. Na jina langu pia? Na mbona mimi hukuwahi kuniuliza hilo swali lako?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Kila niliyemuuliza alinirudishia. 'Na wewe je, dada, nani atakutafuta?' Sasa ulitaka niwajibu nini?"

Nikakaa kitandani kwake. Alisogea kidogo, nikalala ubavuni kama zamani, nesi akatuacha.

Alifariki tarehe 3 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa kwa shemeji. Hata hapo niliona wivu.

Marehemu ameacha mdogo wake, ambaye nimemwandika wa kwanza na asitokee mtu wa kunirekebisha, mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Kamati ya mazishi ilisema karatasi haina nafasi ya wengine. Nimewapunguzia wajukuu sifa, nafasi ikapatikana: ameacha pia Spika na wenzake wa nyuma ya soko. Nyie mliosimama ukutani, sogeeni, viti vipo. Ila asikae mtu mbele yangu.

Dada, tangu Ijumaa huonekani, na mimi nakutafuta. Pumzika kwa amani.