Kidoti cha Kijani Chini ya Shuka

Benchi letu limeegemea kibanda cha Cherehani, fundi nguo, na kahawa humiminwa kuanzia saa moja asubuhi. Leo Cherehani alitoka ndani macho mekundu, mkononi shati la shule alilolishonea mikono miwili ya kushoto. Akakaa, akatangaza kwamba jioni anamrudisha mkewe kwao. Nilimhurumia, lakini niseme kweli, nilimwonea wivu pia. Mimi kitandani kwangu hakuna hata wa kumshuku, mwaka wa nne huu.

Cherehani – Ni simu. Taa ikizimwa tu, ananipa mgongo. Naona mwanga unapanda ukutani. Nikikohoa, unazimika. Nikikoroma uongo, unawaka.

Betri, fundi wa redio na saa, hakungoja amalize.

Betri – Si daktari wa redioni alishatuambia simu ibaki sebuleni? Ule mwanga unaudanganya mwili kuwa kumekucha.

Mimi – Yako inalala wapi?

Betri – Chini ya mto. Ndiyo inayoniamsha.

Mimi – Fundi saa mzima?

Betri – Usinitoe kwenye mada. Nimechunguza: simu inajichaji kwa usingizi wa mtu. Ndiyo maana asubuhi yenyewe imejaa, wewe umeisha.

Mimi – Na waya wa ukutani?

Betri – Pambo tu.

Profesa alikohoa. Huyu alilinda geti la chuo miaka ishirini, akastaafu na jina hilo.

Profesa – Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe ni fundi nguo. Ulishindwaje kukiona?

Cherehani – Nimekiona. Saa saba usiku nafungua simu yangu chini ya shuka, naangalia jina lake. Kidoti cha kijani kimewaka. Yuko onlaini. Saa nane, bado. Saa tisa, bado.

Betri – Anacheka?

Cherehani – Angecheka nisingejali, ningesema ni vichekesho. Anatazama kimya, kama mtu anayesubiri. Huyo anayesubiriwa hivyo ana nini nisichokuwa nacho mimi? Roho inaniuma, jamani.

Profesa – Nitakwambia. Kuna kampuni imeajiri wanaume wenye sauti nzuri. Zamu yao ni saa saba mpaka saa tisa, kazi yao kubembeleza wake za watu waliolala. Chanda chema huvikwa pete. Unadhani kidole kinatelezeshwa kwenye kioo cha simu usiku kucha kutafuta nini?

Betri – Pete.

Profesa – Pete.

Cherehani alisimama, akakunja lile shati.

Cherehani – Basi singoji jioni. Naenda sasa hivi.

Hapo akaja binti mmoja, mdogo wa mkewe, tunamjua kwa sura tu. Alitusalimia wazee kwa adabu, kisha akamgeukia Cherehani.

Binti – Shemeji, usihangaike kwenda nyumbani. Dada yuko kwetu na sanduku lake.

Cherehani – Kaondoka?

Binti – Ulipotoka tu. Anasema mwanga wa simu yako unapenya shuka. Kila akiangalia, kidoti chako kimewaka, saa saba, saa nane, saa tisa. Kanituma niulize unamsubiri nani.

Cherehani akaliweka shati benchini.

Cherehani – Mwambie namwangalia yeye. Kama yuko onlaini.

Binti – Naye alikuwa anakuangalia wewe.

Alikuwa binti mdogo, na nadhani aliuliza kwa sababu kweli hakuelewa.

Binti – Sasa shemeji, si mlikuwa kitanda kimoja? Kwa nini hukumgusa bega ukamwuliza?

Betri akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Profesa alifungua mdomo, nikajua anasaka methali. Zamu hii hakuipata.