Namba Nne Mbili za Mama Marceline

Kalemie, Ijumaa tarehe 27 Februari 2026. Asubuhi mvua nyepesi, ziwa limetulia. Leo Mama Marceline anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya meli miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwa kuuza tiketi, akasomea kompyuta Lubumbashi, akarudi kusimamia kompyuta kuu, ile yenye ukubwa wa kabati la nguo. Alishughulikia maombi ya saa: idara inaomba ishara ya saa fulani, mashine inangoja, wakati ukifika inapiga kengele au honi. Kila ombi lina namba, na anayetaka kulifuta anataja namba tu.

Programu aliiandika mwenyewe. Kwa kupenda usawa, aliruhusu kila idara ianze kuhesabu kutoka moja. "Jikoni nao ni watu," alisema. Basi jikoni kulikuwa na ombi namba nne, na bandarini vilevile.

Mwaka 2014 binti yake Ketsia alikuwa anaolewa Moba. Bibi arusi na ndugu walikwisha kupanda meli. Mama, amevaa kitenge cha arusi, akapita ofisini kidogo kutazama mashine kabla naye hajapanda. Mpishi wetu, Papa Mbuyu, akamkuta hapo: "Mama, futa kengele ya chakula, maharage bado magumu."

Akafuta namba nne. Mashine, kwa utii wake, ikafuta zote mbili, kengele ya jikoni na honi ya meli kuondoka.

Saa ya kuondoka ikapita. Ketsia akapiga simu: "Mama, huku batu banauliza kama arusi njo hapa bandarini," yaani kama arusi ndiyo itafanyika hapo.

Mama akampigia nahodha Ruffin, akamwomba apige honi kwa mkono.

"Sheria ni yako, Mama. Bila honi ya mashine, siondoki."

Ikabidi aandike ombi upya, kwa haraka. Kwa kuwa saa yake ilikwisha kupita, honi ikalia papo hapo, na Ruffin, mtu wa sheria, akafungua kamba papo hapo. Mama alifika gatini viatu mkononi, meli imekwisha kutoka. Arusi ya binti yake aliicheza palepale na wapagazi, simu sikioni.

Jumatatu akaandika programu upya: namba hutolewa mara moja katika mashine nzima, na hairudiwi hata ombi lake likiisha. Idara iliyodai namba nzuri ilijibiwa, "Namba nzuri ni ile ambayo mwenzako hana." Tangu hapo hakuna ombi lililofutwa na jirani.

Mama, asante kwa kazi na kwa vicheko. Kesho unahamia Moba kwa Ketsia na wajukuu. Uishi huko kwa afya na raha. Ila usipite ofisini. Panda meli kwanza, honi tutaipiga sisi.