Mama Do na Wimbo wa Chumba Namba Tatu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, kengele ya saa tisa na nusu itakapogongwa, mwalimu wetu wa hisabati atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku nne kazini. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe. Ofisi ilikuwa imeandika miezi mitatu, akairudisha barua ikiwa na mstari wa kalamu nyekundu na neno "Rudia" pembeni.

Wanafunzi humwita Mama Do, na jina limeganda kiasi kwamba wageni wakija, mwalimu mkuu hulazimika kuchungulia karatasi ndipo akumbuke lile la kwenye cheti. Jina lenyewe lilitokana na kazi. Mama Do haanzi somo kwa kusema habari za asubuhi. Husimama mlangoni, huinua kidole, hutoa "do" moja ndefu, ile sauti ya kwanza ya ngazi ya muziki, na darasa zima huipokea. Asiyeipokea ana usingizi, hupelekwa bombani kunawa uso.

Wasifu huu wa kumuaga alipangiwa mwalimu mkuu msaidizi, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama kola ya shati lake. Mama Do akakataa. Alisema aandike yule anayemgeuzia kurasa za nota kanisani, yaani mwandishi wa mistari hii. Walimu wa siku nyingi walitazamana, maana wanajua kwamba mtu pekee aliyewahi kukaribia kumfukuzisha kazi Mama Do ni huyo huyo. Habari hiyo itasimuliwa hapa chini bila kufichwa, na kwa miaka kumi na tisa mwandishi alikuwa hajaweza kumwomba msamaha.

Tuanze mwanzo. Alifika hapa akiwa binti wa miaka ishirini na minne, na begi moja na rula ya mbao ya mita nzima. Akapewa watoto sitini na wawili katika chumba kisicho na mlango. Wiki ya pili aligundua jambo lililomkera: watoto wale wale waliokuwa wakishika beti nne za wimbo kwa kuusikia mara moja, walishindwa kuikumbuka saba mara nane kutoka Jumatatu hadi Jumanne. Wengine tungechukua fimbo. Yeye alichukua karatasi akatunga nyimbo. Jedwali la mbili likapata mwendo wa gwaride. La sita likaenda polepole, la tisa likawa linashuka ngazi. La saba, ambalo ndilo sugu, alilipa wimbo mrefu kuliko yote, wenye sauti nne, kwa sababu, alisema, mzigo mzito unataka wabebaji wengi.

Kanisani amepiga kinanda kwa miaka thelathini na moja. Ni kile cha kukanyaga kwa miguu, na kwa miaka sita kibonye chake kimoja cha katikati kilikuwa kimekufa kabisa. Mama Do akawa anakiruka, na kwaya ikajifunza nyimbo zake zote zikiwa na pengo mahali hapo. Siku fundi alipokitengeneza, kila mtu alifurahi hadi ibada ilipoanza. Ile sauti ilipotokea, safu nzima ya mbele ilishtuka ikageuka kumtafuta anayeharibu wimbo. Ilichukua miezi miwili kuwazoesha waimbaji kinanda kizima.

Mume wake, fundi cherehani, ndiye aliyeshona majoho yote ya kwaya, na ndiye muumini pekee aliyekatazwa rasmi kuimba. Hukaa benchi la mwisho akifungua mdomo kwa utiifu mkubwa. Watoto wao watatu huapa kwamba baba yao hajawahi kutoa sauti nyumbani pia, ila kwa sababu nyingine.

Mtaani, amekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa kwa miaka kumi na miwili. Mikutano yake haizidi saa moja. Msemaji akirefusha maneno, Mama Do humtazama jirani yake wa kwaya, na wanakwaya waliomo mkutanoni humwimbia msemaji "Amina" kwa sauti nne. Hakuna aliyewahi kuendelea baada ya hapo. Matuta mawili yaliyoko barabarani mbele ya lango letu, yanayowalazimisha madereva kupunguza mwendo, yaliletwa na barua zake kumi na nne. Ile ya kumi na tano alikuwa ameshaianza, na husikitika kidogo kwamba hakupata nafasi ya kuituma.

Sasa tufike kwenye ile habari.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwandishi alikuwa kijana mwenye miaka miwili kazini, suruali yenye mstari wa pasi na imani kubwa katika semina. Alitumwa hapa kutoka shule nyingine kusimamia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwenye semina walikuwa wameonywa kwamba wadanganyifu siku hizi hutumiana majibu kwa kukohoa na kugonga kalamu. Karatasi ya hisabati ilifanyika asubuhi katika chumba namba tatu, watahiniwa arobaini na mmoja. Baada ya nusu saa, mvumo ukaanza. Midomo yote ilikuwa imefumbwa, lakini chumba kizima kilikuwa kinavuma. Mwandishi akaamuru kimya. Wakanyamaza, wakainamia karatasi, na dakika tano baadaye mvumo ukarudi wenyewe, kama pumzi. Watoto hawakujua kwamba wanafanya hivyo.

Mwandishi aliandika ripoti ya kurasa mbili.

Matokeo ya watoto wote arobaini na mmoja yakazuiliwa. Shule za sekondari zilifunguliwa, wenzao wa shule jirani wakapita barabarani na sare mpya, wao wakabaki nyumbani. Mama Do alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Kama udanganyifu ungethibitishwa, watoto wangefutiwa mtihani na yeye asingerudi tena mbele ya ubao. Wazazi walikuja kwake wakiwa wamefura. Mama mmoja alimuuliza kama nyimbo zake ndizo zitakazomlisha mwanawe. Wanaomfahamu wanasema hiyo ndiyo siku pekee waliyomwona akilia hadharani.

Wakaguzi watatu walipokuja, aliomba kitu kimoja tu. Watoto waingie ofisini mmoja mmoja, mlango ufungwe, wapewe maswali mapya, na yeye akae nje ya lango pamoja na mlinzi. Mwandishi aliitwa kama shahidi, akaketi kwenye kona ya ofisi ile kutwa nzima. Aliingia wa kwanza, akafumba midomo, akavuma peke yake, akajibu yote. Wa pili hivyo hivyo. Wa tano, msichana mwembamba, alikuwa ameonywa nyumbani asithubutu kutoa sauti, basi akakaa kimya akakosa maswali manne mfululizo. Mkaguzi mkuu akamwambia kwa upole, "Haya mwanangu, imba tu." Akaimba, akapata yote. Alipofika wa tisa, mguu wa mkaguzi mkuu ulikuwa unapiga mapigo chini ya meza. Wa ishirini hakuitwa kamwe. Siku tatu baadaye matokeo yalitoka, na watoto thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja wakaenda sekondari, wakiwa wamekosa karibu muhula wote wa kwanza.

Yule msichana mwembamba leo ni muuguzi katika zahanati yetu. Ukimtazama akihesabu vidonge, utaona shingo yake inacheza.

Miaka miwili baadaye mwandishi alihamishiwa shule hii hii. Alifika akijua fika atakutana na nani. Mama Do alimpokea mlangoni, akampa ratiba na chaki, akamuuliza kama anajua kuimba. Alipomjaribu, alisema hapana budi ziwepo kazi nyingine. Ndivyo mwandishi alivyopata nafasi ya kugeuza kurasa, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na saba, akijifunza polepole kufuata nota kwa macho ili asigeuze mapema. Habari ya chumba namba tatu haikutajwa kati yao hata mara moja. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba Mama Do alianza kuwafundisha watahiniwa kuimba kimoyomoyo. Wasimamizi wa siku hizi huona vidole vya miguu vikicheza chini ya madawati, wala hawaelewi.

Jumatano iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, alikuwa akipangusa vibonye vya kinanda kwa kitambaa. Hapa ruhusa itolewe mwandishi aache kujiita mwandishi. Nilimwambia, "Mama, ile ripoti. Nisamehe."

Aliendelea kupangusa. Akasema alishanisamehe wiki ile ile, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilifanya nilivyofundishwa. Lakini kuna neno moja lilimkaa kooni. Wakaguzi walimsomea ripoti yangu, na ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba watahiniwa walitoa kelele.

"Kelele, mwanangu?" aliniuliza. "Mimi sikuwepo. Siku ya mtihani mwalimu wa somo hukaa mbali. Wewe ulikuwepo. Kweli zilikuwa kelele?"

Niliondoka bila kumjibu, kwa sababu jibu lilitaka kufikiriwa. Katika miaka thelathini na sita, hiyo ndiyo mara pekee wanafunzi wake walipoimba pamoja bila yeye kuwepo, bila kinanda, bila mtu wa kuwapa do. Mtu mzima pekee aliyewasikia ni mimi, na nilikuwa sina masikio bado.

Sasa ninayo kiasi, umenipa wewe. Basi, Mama Do, mbele ya walimu wenzetu, wazazi na wanafunzi, naiandika ripoti upya. Alianza msichana wa dirishani, kwa sauti ya chini kabisa, jedwali la saba. Akapokelewa na safu ya ukutani. Wavulana wa nyuma wakashika sauti ya nne, laini, bila kuburuta. Kwenye saba mara nane, pale wanapokwama wote, walipunguza mwendo wakasubiriana. Walifika mwisho pamoja, na hawakuwa wameshuka hata nusu sauti. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, saa mkononi, na kwa muda fulani nilisahau kusimamia.

Asante kwa yote, mama yetu. Pumzika kwa afya, na mzee wetu wa cherehani apate sasa ruhusa ya kuimba. Kuhusu chumba namba tatu, usiwe na shaka tena. Waliimba vizuri sana.